Mtoto wa Meza

Barua yako, Bi Corinne, imepita mikono sita kabla ya yangu:
karani wa kanisa, mchungaji, mke wa mchungaji,
fundi saa wa Mtaa wa Rufiji,
dada yangu, mwanawe.
Inanuka dagaa kidogo, utanisamehe.
Unauliza kama huku Mwanza yupo anayejua lolote
juu ya Adeline Thaxter, aliyezaliwa 1841
mahali paitwapo Vermont,
na juu ya bintiye aliyevuka bahari akaja kwetu
asirudi.

Adeline simjui. Ila mguu wake naufahamu.
Kikanyagio cha cherehani yake kimelika upande wa kushoto,
nami tangu darasa la nne nakanyaga palepale.
Ama alikuwa akichechemea,
ama daima alikuwa na mtoto kwenye paja la kulia.

Mama aliinunua mnadani misheni ilipofungwa,
huko mbele ya Magu, kwa shilingi arobaini
na jogoo mmoja wa kuzibia pengo.
Ikaja juu ya lori la pamba mpaka Mabatini,
wanaume wanne wakaipandisha jiwe kwa jiwe
wakitukana kwa Kisukuma,
wakiomba radhi kwa Kiswahili.

Mtoto wa meza alikuwa amekwama.
Mama akampaka mafuta ya sangara, akamvuta:
pini, kifungo cha mfupa,
na karatasi iliyokunjwa mara nne, rangi ya chai.

Kizungu hakukijua. Tarakimu alizijua,
futikamba ilimfundisha.
Akaipeleka karatasi dirishani, kwenye mwanga wa ziwa,
akaisoma hivi, kama alivyonisimulia:
“Huyu wa 1863 alikuja peke yake.
Hawa wawili wana siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja.
Ni Kulwa na Doto.
Msalaba huu ni wa Doto. Wiki tatu tu.
Na huyu aliyewafuata, kwao wamwite watakavyo,
huyu ni Shija.”

Wewe umemwandika Phoebe.
Wasema ndiye aliyekuja huku,
na cherehani ya mamaye ndani ya sanduku la mbao.
Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta.
Kanisa sasa ni ghala. Nyuma yake kuna saruji iliyopasuka,
herufi zimeliwa na mvua. Niliona P,
na nane mbili zenye sita katikati.
Mwanamke aliyekuwa ameanika mihogo juu yake
aliikusanya bila kuombwa,
akaniachia nafasi ya kupiga magoti.
Sikupiga. Nilitoa futikamba nikapima:
futi tano na inchi moja.
Labda alikuwa mfupi.
Labda saruji ilikuwa adimu.
Nikamsaidia yule mama kurudisha mihogo yake.

Sasa kuhusu karatasi.
Nakala nimekutolea, imetoka na weusi pembeni,
mashine ya pale stendi haina wino wa kueleweka.
Yenyewe sikuletei. Nilijaribu kuitia kwenye bahasha
mara mbili, mkono ukakataa.

Ukifika chini, baada ya Phoebe,
utaona mwandiko umebadilika,
penseli nene, ile ya kuchorea suti.
Usidhani ni mchezo wa watoto,
wala usiwakate unapochora ukoo wako
ili mti ukae vizuri ukutani.
Kulwa, 1971.
Doto, 1971, na msalaba.
Utazame ule msalaba, Bi Corinne:
mkia mrefu, mkono wa kulia umeinama kidogo.
Mama aliuiga ule wa Adeline,
hakuwa na mwingine wa kujifunzia.

Kisha Shija, 1974.
Ndiye anayekuandikia.

Mtoto wa meza bado anakwama kila masika.